Muulize Shangazi: Cherehani Iko Chini ya Kitanda na Idi Yaja

Assalam aleikum wasomaji wangu. Mwezi huu barua za kushona zimekuja nyingi, na si ajabu, Shaaban ishaingia na kila mzazi ashaanza kuhesabu nani atavaa nini siku ya Idi. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu imenigusa, mama huyu nilimuona kama namuona mimi mwenyewe wakati wanangu wadogo.

SWALI: Shangazi shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, msichana ana miaka saba, mvulana mitano na kitinda mimba ni msichana wa miaka miwili. Nafanya kazi ya ofisi hapa hapa Lamu, naingia saa mbili asubuhi natoka saa kumi na moja, nikipitia sokoni mpaka nifike nyumbani Wiyoni ishakuwa magharibi. Mamangu alinipa cherehani yake ya mkono, siku hiyo nililia kwa furaha, nikasema na wanangu watavaa nguo za mkono wangu kama sisi tulivyovaa za mkono wake. Nikanunua doti mbili za leso na poplini nyeupe ya kanzu ya mvulana, hiyo ni Idi ya mwaka jana Shangazi, na mpaka leo vitambaa viko kwenye mfuko na cherehani iko chini ya kitanda. Kila usiku nasema leo, watoto wakilala na mimi nishalala. Mama mkwe huniambia nunua tu, kwani maduka yamefungwa? Mume wangu hasemi kitu lakini naona yuko upande wa mamake. Je, niwache? Au wale wanaofanya kazi na bado washona wapata wapi wakati?
Mama wa watatu, Wiyoni

JIBU: Marahaba mwanangu, na usiwache.

Ila nikwambie jambo ambalo mimi nilikaa miaka sijalijua. Huo wakati unaoungoja, yaani nyumba imenyamaza, watoto wamelala, wewe hujachoka na mbele yako una masaa matatu hakuna anayekuita, huo wakati haupo, na hautakuja mpaka huyo wa miaka miwili aolewe. Mimi nikifundisha watoto wa nasari wakati huo na kila siku nikisema ijumaa jioni, ikifika ijumaa nasema likizo, ikifika likizo wageni wamejaa nyumbani. Nguo zikaja kushonwa siku nilipowacha kuungoja.

Sasa angalia kofia zetu. Kofia ya vito ya mkono, ile yenye matundu madogo madogo kila tundu limezungushiwa uzi kwa sindano, ni kazi ya miezi, na wengi wanaozishona hapa Amu, yaani Lamu, ni wanawake wenye nyumba, wenye watoto, wenye sufuria motoni. Umewahi kumuona mmoja wao kafunga mlango siku nzima ashona kofia? Mimi sijamuona. Kofia imo mkobani au imefungwa kwenye kipande cha leso, akikaa na wenzake matundu matano, akingoja wali ukauke matundu mawili, mtoto akilia aweka chini, akinyamaza ainua. Baada ya miezi kofia yatoka, na ukiiangalia huwezi kujua ni tundu gani lilishonwa wakati gani.

Nguo ya mtoto fanya hivyo hivyo. Wewe unaiona kama kazi moja kubwa ndio maana usiku waiogopa, kumbe ni vikazi sita saba, kuna kupima, kukata, kupiga bandi, kuunganisha, kutia marinda, kupinda, kufunga vifungo, na kila kimoja kina wakati wake unaokifaa. Kukata kwataka sakafu na kichwa kilichotulia, kwa hivyo usikate usiku hata siku moja, nakuomba sana. Mimi nilikata suruali ya mwanangu saa sita usiku, stima imepotea nimewasha taa, nikatoa miguu miwili yote ya upande mmoja, na kitambaa chenyewe kilikuwa na uso na mgongo hakigeuziki. Nilikikunja nikakitia kabatini na sikugusa cherehani miezi. Si kitambaa kilichoniuma, ni ule moyo kuvunjika. Kata jumamosi asubuhi watoto wakiwa chuoni kwenye madrasa, hapo una masaa mawili, na ukikata kata za wote watatu kwa mpigo, usikate moja ukaishona halafu urudi kukata nyingine. Kutandika kitambaa, kutafuta mkasi, kutafuta chaki, kufukuza paka, hayo yote yanakula wakati sawa ikiwa wakata nguo moja au tatu.

Kushona kwenyewe ndiko kunakotaka dakika ishirini tu, na dakika ishirini bora za mama anayefanya kazi ni baada ya swala ya alfajiri. Hujachoka, simu haijaanza kulia, watoto bado. Cherehani ya mkono haina kelele ya kuamsha mtu ukiitia mafuta vizuri. Kwa dakika ishirini unaunganisha mabega na mbavu za gauni moja, basi, hapo simama ukawashe chai. Zile kazi za sindano ya mkono kama vifungo na pindo la mkono, hizo zitie kwenye mfuko mdogo zikufuate, ukingoja boti ya Mokowe shona, ukimngoja daktari shona.

Lakini yote haya hayafai kitu ikiwa cherehani iko chini ya kitanda, na hapa ndipo nataka unisikize zaidi. Kinachotushinda wengi ni kule kuanza, mshono wenyewe ni mwepesi. Kuinama, kuburura kasha, kupangusa vumbi, kutafuta uzi wa rangi, kujaza bobini, kutia uzi kwenye tundu la sindano na macho yamechoka, zishakwisha dakika kumi na tano na mtoto ameamka. Itoe leo. Tafuta meza hata ndogo, iweke karibu na dirisha upate mwanga, ifunike leso kuukuu, uzi uwe ushatiwa na bobini imejaa. Na ukimaliza kila asubuhi usiwache sindano tupu, chukua vile vipande vya mshono wa kesho, vishikishe kwa pini, viweke tayari chini ya mguu wa cherehani na ushushe mguu uvikamate. Kesho yake wafunua leso, wazungusha mkono, mshono unakwenda. Hili moja tu lilinibadilishia mambo kuliko yote.

Kipimo usihangaike na vitabu. Chukua gauni la mtoto linalomkaa vizuri, lilaze juu ya gazeti, lizungushe kalamu, halafu ongeza sentimita moja na nusu kila upande wa mshono na urefu wa chini, kwa kitambaa kisicho leso, ongeza sita au nane, maana watoto hawa hawakui kwa mwaka, wanakua kwa wiki. Huo urefu wa ziada ukunje kwa ndani, mwakani wateremsha pindo na gauni limekuwa jipya. Karatasi yako usiitupe, iandike jina la mtoto na mwezi uitundike msumarini.

Na hizo leso zako, mashallah, leso ndiyo rafiki wa mama asiye na wakati. Kwa nini? Kwa sababu pindo lake ushashonewa kazi. Ule upande mrefu wa leso kitambaa chake hakifumuki, na pambo liko pale pale, kwa hivyo ukikata sketi ya gauni uweke pindo la leso chini ndilo pindo la gauni, huna haja ya kukunja wala kushona chini. Leso moja ina kama mita moja na nusu kwa upana na mita moja na kidogo kwa kwenda chini, kwa hivyo pindo la chini linatoa sketi ya msichana mkubwa na pindo la juu linatoa ya mdogo, wavae sare, na sehemu ya juu ya magauni unaikata kwenye mji, ile sehemu ya katikati, wa leso ya pili ya doti hiyo hiyo. Ila jina liangalie. Maandishi yako upande mmoja tu, juu ya pindo la chini, hakikisha hukulikata katikati na halikukaa kichwa chini, na lisome kwanza, jina lingine ni la mafumbo ya watu wazima halifai kukaa juu ya mtoto wa miaka saba. Anza na gauni la huyo wa miaka miwili. Ni dogo, litaisha wiki ya kwanza, na ukilining'iniza pale mlangoni utapata nguvu ya kushona lile la pili.

Hiyo poplini ya kanzu ifue kwanza kabla ya kukata, pamba yarudi ikifuliwa na kanzu ikirudi baada ya kushonwa itampanda mtoto kwenye vifundo. Mishono ya mbavu na mikono imenyooka, hiyo utaiweza. Shingo na kifua, mwanangu, mpelekee fundi, sioni aibu yoyote hapo. Mafundi wako Usita wa Mui, ile njia kuu ya mjini, mpelekee sasa hivi Shaaban, usingoje kumi la mwisho la Ramadhani kwa sababu wakati huo fundi hata salamu haitikii, nguo zimempita kichwa. Na wewe pia usipange kushona alasiri za Ramadhani, kuanzia saa kumi ni futari mpaka adhana. Yote yawe yashakatwa kabla mwezi haujaandama.

Nimebakisha mama mkwe. Mimi simuoni kama adui. Mtu anayesema nunua tu, mara nyingi anakuona vile unavyochoka na hajui aseme vipi. Mchukulie lile gauni la msichana mkubwa likiwa limebaki vifungo tu, mwambie mama mkono wako ni mzuri kuliko wangu, nisaidie hapa. Najua wanawake wa rika lake, wengi wao walilea watoto kwa sindano ya kofia. Mjukuu akivaa nguo yenye vifungo vyake hatasema tena maduka hayajafungwa.

SWALI: Shangazi, nilimshonea mwanangu gauni la leso nyekundu na kola nyeupe, kulifua mara ya kwanza tu kola imekuwa ya waridi. Nitie jiki?
Mama Mkomani

JIBU: Usitie, jiki itakula na nyekundu yenyewe. Ikiwa bado ni mbichi usiianike juani wala usiipige pasi, joto ndilo linaloifanya rangi ishike. Irudishe kwenye maji baridi na sabuni, ifue, ubadilishe maji, ifue tena, inaweza kuchukua mara nne tano lakini yatoka nyingi. Ikiwa ishakauka na kupigwa pasi mimi ningeing'oa kola nikaweka nyingine. Na siku nyingine leso mpya, hasa nyekundu na nyeusi, iloweke peke yake kabla ya kukata na umwage maji mpaka yatoke meupe.

SWALI: Habari Shangazi, nakuandikia kutoka Malindi. Mimi ni mhudumu wa vyumba kwenye hoteli, shifti zetu hazina mpango, wiki hii asubuhi wiki ijayo usiku, na nyumba yangu ni chumba kimoja Maweni na nina mtoto wa miaka miwili ambaye hakuna kitu hagusi. Nina cherehani ya mguu. Napenda sana kumshonea lakini naogopa sindano na yule mtoto, halafu pia cherehani inashika kutu. Nifanyeje?
Mama Maweni

JIBU: Salama mwanangu, pole na shifti. Wewe shida yako si ya yule wa Wiyoni, yeye ana saa zake zinajulikana, wewe hujui hata jumapili utakuwa wapi, kwa hivyo sitakwambia shona kila alfajiri. Wewe fuata msimu wa hoteli. Disemba mpaka Machi hoteli zimejaa, huko usijidanganye, shona vifungo tu na kurefusha mapindo. Ikifika masika, Aprili mpaka Juni, wageni wamepungua, hoteli nyingine zinafunga kabisa na watu wanapewa likizo, hapo ndipo kata nguo za mwaka mzima, kaptula nne, magauni matatu, ukubwa wa sasa na ukubwa wa mwakani, zikunje kila nguo na vipande vyake vyote na uzi wake na lastiki yake ndani ya mfuko wake mmoja. Halafu msimu ukija, siku umepata saa moja, watoa mfuko mmoja tu, hutafuti kitu.

Kwa mtoto mdogo anza na kaptula ya lastiki. Haina zipu, haina vifungo, na vifungo kwa mtoto anayetia kila kitu mdomoni si vizuri, kikikatika anaweza kupaliwa nacho. Kamba za kufunga shingoni pia achana nazo, zinanasa. Pima kiuno, toa sentimita nne, hiyo ndiyo lastiki yako, ishone ncha kwa ncha mara mbili tatu isifumuke. Mimi kaptula kama hiyo kukata ni robo saa na kushona si zaidi ya dakika arobaini, na hizo arobaini unaweza kuzigawa siku tatu.

Usalama sasa. Cherehani ya mguu ukiinuka tu toa ule mkanda kwenye gurudumu, ni kazi ya kufumba na kufumbua, mtoto akikanyaga pale chini gurudumu la chini litazunguka lakini sindano haitatembea. Sindano nayo iteremshe ndani ya kipande cha kitambaa na uifunike cherehani yote. Pini zihesabu. Sitanii, mimi nina pini ishirini kwenye kopo lenye kifuniko, na siinuki mpaka zirudi ishirini, na nina sumaku niliyoitoa kwenye spika mbovu, naipitisha sakafuni kabla mtoto hajashuka kitandani.

Kutu ni hewa ya chumvi, sote wa pwani twaijua. Tia mafuta ya cherehani, matone madogo, kila sehemu chuma kinapogusana na chuma, halafu shona kwanza kwenye kitambaa cha kutupa yasije yakachafua nguo. Mafuta ya kupikia usiweke hata kwa dharura, yanaganda kama gundi na fundi atakutoza pesa nyingi kuyatoa. Sindano zihifadhi kwenye kichupa kilichofungwa, na ikianza kuruka mishono ibadilishe usilaumu cherehani. Leso na poplini zataka namba 14, vitambaa vyepesi 11, jinzi 16.

SWALI: Shangazi, mimi ni mwanamume, sijui kama safu hii yaturuhusu. Mke wangu ni muuguzi, akirudi kazini huketi kwenye cherehani mpaka usiku wa manane awashonee watoto. Nguo ni nzuri sana, watu humsifu. Lakini nimemuona akilala kwenye meza, kichwa juu ya kitambaa. Nikimwambia awache hukasirika, asema hiyo ndiyo raha yake. Niseme nini?
Baba wa wanne, Langoni

JIBU: Karibu ndugu yangu, na hii barua nimeisoma mara mbili. Usimwambie awache. Amekwambia ukweli, hiyo ni raha yake, mtu ambaye kutwa ameshika wagonjwa akipata kitu kinachoanza na kumalizika mikononi mwake kinamtuliza, na wewe ukimwambia awache ni kama unamnyang'anya kitu pekee ambacho ni chake siku nzima. Lakini kichwa juu ya kitambaa na sindano karibu si jambo la kunyamazia.

Mtolee saa ya mchana. Siku ambayo hayuko zamu, baada ya alasiri, wachukue hao wanne wote, hata mdogo, nenda nao pwani wakaangalie majahazi, wanunulie viazi karai, usirudi mpaka magharibi. Usimuulize kwanza kama ataka, mwambie tu mimi naondoka na watoto, nyumba ni yako. Masaa mawili ya mchana kwa mtu aliyepumzika ni sawa na usiku mbili za mtu anayesinzia, na mishono yenyewe haifumuliwi.

Na kuna kazi ambazo wewe waziweza leo leo bila kujifunza. Kupiga pasi kila mshono ukishashonwa, hiyo ni nusu ya uzuri wa nguo na yachosha. Kukata nyuzi zilizobaki. Kupitisha lastiki kwa pini ya nepi, waangalia habari huku wapitisha. Kujaza bobini, jaza nne tano za rangi tofauti jumapili uziweke kwenye kopo. Muulize tu mara ya kwanza pasi aitaka ya moto kiasi gani kwa kitambaa kile, maana ukimuunguzia hataikubali tena mikono yako. Kisha ile saa nne ya usiku ukiona macho yamekuwa mekundu, usiseme nenda kalale, zima jiko, mpelekee chai ya tangawizi, vuta kiti ukae karibu yake umuulize amefika wapi. Atakuonyesha. Akimaliza kukuonyesha mwambie haya, huo uliobaki nitakuamsha nao alfajiri, na umuamshe kweli.